Ng'ombe wetu wana njaa, msituletee unga wa mbweu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limeanza kusikika huku kwetu Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, na ambalo sina shaka litawafikia pia wafugaji wa Nakasongola, Luweero na kwingineko katika ukanda wa ng'ombe. Shirika moja (jina naliacha, maana walikuja kwa adabu na soda wakatunywesha) lilitualika wanachama wa vikundi vya maziwa kwenye ukumbi wa sabukaunti. Tulielezwa kuhusu unga unaochanganywa na chakula cha ng'ombe ili apunguze kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Tukaonyeshwa picha za ng'ombe wanene wamejipanga horini chini ya paa refu, huku mashine ikipita mbele yao kuwamwagia chakula. Tukaambiwa mfugaji atakayekubali unga huo huenda siku moja akalipwa fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kupunguza gesi zinazoongeza joto. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na jirani yangu akaninong'oneza, "Mama Zuhura, mbona umenuna?" Barua hii ndiyo jibu langu kwake na kwa wengine.

Mimi nafuga ng'ombe sita wa gredi hapa nyumbani, chotara wa Friesian, wanaokatiwa majani na kuletewa. Kaka yangu ana ng'ombe wa kienyeji thelathini na mbili upande wa mto Kafu, hao kutwa wako machungani. Kwa hiyo nawajua wa zizini na nawajua wa porini.

Kwanza niyaweke kando maneno ambayo si yangu. Simo katika wale wanaosema gesi ya ng'ombe ni hadithi ya wazungu. Ng'ombe akishakula majani, vijidudu vilivyomo katika lile tumbo lake kubwa huyachachusha. Katika kuchachuka hutoka haidrojeni, na kuna vijidudu vingine, vya jamii ya arkea, vinavyoichukua haidrojeni hiyo vikaiunganisha na hewa ukaa ikawa methani. Sehemu kubwa kabisa hutokea mdomoni, kwa mbweu, wala si nyuma kama vijana walivyokuwa wakichekelea pale ukumbini. Ng'ombe mkubwa anaweza kutoa lita 250 mpaka 500 kwa siku. Gesi hiyo ikishapanda angani haidumu sana, miaka 12 hivi, lakini ukiihesabu kwa miaka 20 inashika joto karibu mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Kwa hiyo anayesema kwamba tukiipunguza leo tutaona nafuu mapema, anasema kweli. Nasi tunaoiona ardhi inavyopasuka kuanzia Desemba hadi Machi hatuna sababu ya kubishana na mtu kuhusu jua.

Wala simo katika kundi la wanaosambaza uvumi wa WhatsApp. Novemba 2024, kampuni ya maziwa ya Arla ilipotangaza kwamba itaujaribu unga huu huu, uitwao Bovaer, katika mashamba 30 ya Uingereza, watu wakajirekodi wakimwaga maziwa chooni, wakasema ni njama ya Bill Gates. Gates aliweka fedha zake katika kampuni nyingine kabisa ya Australia, Rumin8. Bovaer unatoka kampuni ya dsm-firmenich. Ulaya waliuidhinisha mwaka 2022, Marekani wakamaliza kuukagua 2024, na mamlaka ya chakula ya Uingereza ikawaambia wananchi wake kwamba maziwa hayo ni salama kunywa. Video zile zilifika mpaka Bweyale, na mama mmoja mwenye hoteli ninayempelekea maziwa akaniuliza kama yangu "yana ile dawa". Nikamjibu kwamba hata dawa ya minyoo siku hizi nainunua kwa kujibana.

Shaka yangu ni ya mtu anayeshika ndoo, na inaanzia hapa: unga ule ulitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa namna moja, kisha unaletwa kwa ng'ombe wa namna nyingine kana kwamba ng'ombe wote ni mmoja.

Kiasi kinachotumika ni kidogo sana, kama robo kijiko cha chai kwa ng'ombe kwa siku. Kazi yake ni kuzima kimeng'enya ambacho vile vijidudu vya arkea hukitumia katika hatua ya mwisho ya kutengeneza methani. Kwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya hupunguza kama asilimia 30, na kwa ng'ombe wa nyama wanaonenepeshwa zizini hufika hata 45. Ni kazi nzuri, siidharau. Lakini unga huo huvunjika upesi ukishaingia tumboni. Ndiyo maana kule huchanganywa na mashine ndani ya chakula chote, ili kila ng'ombe anapoinamisha kichwa horini apate chembe zake, asubuhi, mchana na usiku.

Sasa nipeleke mfuko huo kwa kaka yangu. Yeye hufungua zizi jua likitoka. Ng'ombe wanaondoka na kijana wa kuchunga, wanazunguka, wanakwenda kunywa maji, wanarudi magharibi. Hakuna hori wala pumba. Wanachokula kimeota chenyewe. Unga atawapa saa ngapi? Akiwalambisha jioni pamoja na chumvi, kesho saa nne wakiwa katikati ya pori wanapiga mbweu kama kawaida. Niliuliza swali hilo ukumbini, nikajibiwa kwamba wataalamu wanatengeneza vidonge vya kukaa tumboni na kuyeyuka polepole. Vizuri, wavitengeneze. Vikiwa tayari waje tuzungumze.

Kuna na mwani. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Eritrea, Ermias Kebreab wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, pamoja na wenzake, walilisha maksai mwani mwekundu wa baharini, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba gesi ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Dunia nzima ikashangilia. Walipokuja kujaribu kwa ng'ombe wanaochungwa malishoni kule Montana, matokeo yaliyotolewa 2024 yalikuwa asilimia 38 hivi, na ilibidi mwani huo utengenezwe kuwa tembe za chakula na kupelekwa malishoni. Mimi nasema hata 38 ni nyingi. Ila ona jinsi namba inavyonywea ng'ombe anapotoka zizini kwenda porini, na hao ni ng'ombe wa Marekani wenye shamba la uzio, maji ya bomba na mtu wa kuwahesabu. Tena kinachofanya kazi ndani ya mwani ule ni bromofomu, kemikali ambayo huko huko Marekani wameiweka katika kundi la zinazoshukiwa kuleta saratani.

Liko jambo jingine ambalo halikutajwa kabisa ukumbini, nalo limo katika tafiti zao wenyewe: chakula kikiwa kigumu na chenye nyuzi nyingi, unga huwa na nguvu kidogo. Mfugaji yeyote wa huku anajua majani ya mwezi wa pili yalivyo. Yanakatika mkononi kama vijiti vya kiberiti. Ndiyo chakula chenye nyuzi hicho. Kwa maneno mengine, dawa hii inafanya kazi vizuri zaidi kwa ng'ombe aliyekwisha kushiba chakula laini, na vibaya zaidi kwa yule wa kwetu.

Mtu ataniambia, haya, wa kaka yako tumekuelewa, lakini wewe Mama Zuhura una ng'ombe sita horini. Wewe si unaweza kutumia?

Njoo unione ninavyochanganya chakula. Nina sakafu ya saruji nyuma ya banda, futi chache tu. Namwaga pumba za mahindi, namwaga mashudu ya pamba nikiyapata, nanyunyiza chumvi, kisha naweka molasi iliyolainishwa na maji, halafu kijana anageuza kwa sepetu. Baada ya kugeuza kuna sehemu ina mabonge ya molasi na sehemu imekauka. Ng'ombe mmoja anapata bonge, mwingine anapata vumbi. Kwa chumvi haina madhara, kesho watabadilishana. Kwa kitu cha robo kijiko, kinachotakiwa kiwemo katika kila tonge, nani atahakikisha?

Na pumba zenyewe! Wafugaji wenzangu wananielewa. Mwaka jana kulipokauka nilinunua magunia kutoka kwa muuzaji niliyemzoea, na ng'ombe wakaanza kuyasukuma kwa pua bila kula. Nikachukua chekeche la jikoni nikachekecha bakuli moja juu ya gazeti. Zikabaki juu punje nyekundunyekundu, ngumu: magunzi yaliyosagwa. Chini, kwenye gazeti, ukisugua kwa kidole unasikia mchanga. Muuzaji nilipomrudishia akaapa kwa Mungu kwamba na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Huenda ni kweli. Dawa ya kupe nayo, kila mfugaji wa Uganda amewahi kuuziwa chupa ambayo kupe wanaiogelea. Lakini angalau kupe namwona. Nikipulizia leo, kesho kutwa bado ameng'ang'ania sikioni, nakwenda dukani kugombana.

Mbweu siioni. Hapa ndipo wenzangu waliopiga makofi wangesimama wafikiri. Dawa ya minyoo nikiipa ndama, manyoya yanalala na tumbo linapungua. Pumba nzuri, lita zinapanda. Unga huu ukifanya kazi, hakuna kinachobadilika machoni pangu; usipofanya kazi, hakuna kinachobadilika vilevile. Hata maziwa, kwa majaribio mengi, hayaongezeki kwa namna ya kutegemewa. Ili ujue kama ng'ombe amepunguza methani unahitaji chemba maalumu au mashine ya kunusa pumzi yake. Sasa peleka bidhaa ya namna hiyo, ambayo mnunuzi hawezi kuijua nzuri wala mbaya, kwenye maduka ya dawa za mifugo ya nchi hii, uone itachukua muda gani kabla ya unga wa muhogo kuanza kuuzwa ndani ya mifuko ya kizungu.

Na kuna onyo ambalo msemaji alilipitia haraka kama anayevuka barabara ya Gulu. Karatasi za usalama za Bovaer zinamtaka anayeushika avae vya kujikinga, asiuvute puani, usimguse macho wala ngozi, na Marekani wameandika wazi kwamba unaweza kudhuru uzazi wa mwanamume. Anayekunywa maziwa hahusiki na onyo hilo, anahusika anayechanganya. Huku anayechanganya ni kijana wa miaka ishirini, mikono mitupu, kandambili miguuni, na mwezi ujao anapeleka mahari. Nendeni mkamweleze.

Tukiwa tunatoka, bwana mifugo wetu, kijana mwerevu ambaye namheshimu, alinishika mkono akaniambia, "Mama, lakini takwimu zinatushitaki." Akanikumbusha hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010. Ukigawa gesi zote kwa kilo ya maziwa, wastani wa dunia ulikuwa kilo 2.4 za hewa ukaa au gesi zinazolingana nayo. Ulaya na Amerika Kaskazini kati ya 1 na 2. Afrika kusini mwa Sahara 7.5. Sisi ndio wa mwisho darasani. Kwa hiyo, akasema, sisi ndio wenye kuhitaji unga kuliko wote.

Nilimwambia hesabu ni sahihi, ila ameisoma upande usiofaa. Turudi kwa kaka yangu. Ana ng'ombe thelathini na mbili. Wanaokamuliwa kwa wakati mmoja hawazidi kumi, na kila mmoja, ndama akishanyonya, anabakiza lita mbili. Hizo ni lita ishirini. Waliobaki ishirini na mbili ni fahali, ndama, mitamba na majike makavu, nao wote wanapiga mbweu kutwa kucha bila kutoa hata kikombe. Jike lake linazaa mara moja katika miaka miwili, na mtamba hufika miaka minne ndipo azae mara ya kwanza. Hiyo 7.5 inatoka humo.

Tuseme muujiza umetokea na unga umefanya kazi kwa wote mia kwa mia: gesi imepungua asilimia 30, lita ni zile zile ishirini. Sasa tuseme hakuna unga, ila wale kumi wamepata hei (majani yaliyokaushwa) na maji ya kutosha wakatoa lita nne badala ya mbili. Lita ni arobaini. Hata kama gesi itaongezeka kidogo kwa sababu wamekula zaidi, kwa kila lita imeshuka karibu nusu. Na kama kaka atauza kumi kati ya wale wasio na kazi, amepunguza karibu theluthi ya mbweu zote bila kijiko cha unga, tena fedha ziko mfukoni mwake. Bwana mifugo alicheka, akasema nigombee ubunge.

Kwa nini basi kaka hauzi? Nimemuuliza mara nyingi, na hajawahi kunijibu kwa upumbavu. Anasema hajui nani atakufa. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikiingia kwenye zizi inachukua ndama kwanza, na kupe wamezizoea dawa, hawafi tena. Ukiwa na ndama wanane mwaka huu huwezi kujua mwakani utakuwa na watatu au saba, basi unabaki na majike mengi, hata yaliyozeeka, ili usije ukabaki mikono mitupu. Akitaka kuuza nako, mara ugonjwa wa miguu na midomo umeingia wilaya ya jirani, karantini, soko la mnada limefungwa. Ng'ombe aliyekuwa auzwe Januari anabaki mpaka Juni, anakula majani ya wenzake, anakonda na anapiga mbweu. Kaka anafuga wengi kwa sababu wanakufa, na hao wengi ndio wanaoandikwa kwenye vitabu vya methani. Anayetaka kuipunguza gesi ya Kafu aanze na kupe.

Wala haya si mawazo ya mama wa kijijini peke yake. Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, kuna kituo kiitwacho Mazingira chenye chemba za kupima pumzi ya ng'ombe. Waliwaweka humo maksai wa Boran na kuwalisha chini ya kiasi cha kuwatosha hata kubaki na uzito wao, kama wanavyokula wengi wetu wakati wa ukame. Utafiti wao uliotolewa 2020 ulionyesha kwamba ng'ombe mwenye njaa hiyo hutoa methani zaidi kwa kila kilo ya chakula anachokula. Njaa yenyewe ni kiwanda cha gesi. Jambo hili lingetajwa ukumbini dakika tano tu, ningepiga makofi kuliko wote.

Na kushibisha ng'ombe hakuhitaji maabara. Hapa Kiryandongo tunalima mahindi mpaka yanatushinda, na mabua tunayachoma moto. Mashine moja ya kukatakata mabua kwa kikundi, shimo la sileji (majani yanayofukiwa yachachuke ili yasiharibike), turubai lisilotoboka, hivyo tu. Nyasi za brachiaria tumeziona zinastahimili jua kuliko nepia, ambayo siku hizi ugonjwa wa kudumaa unaimaliza. Kinyara wanatengeneza sukari hapo Masindi, molasi ipo. Maji ndiyo kazi: ng'ombe anayetembea kilomita nyingi kwenda kunywa anayaacha maziwa njiani. Na chanjo za ugonjwa wa miguu na midomo zije kabla ya mlipuko, maana mara nyingi zinatufikia soko likiwa limeshafungwa. Mengine mnayajua.

Nimesoma pia ya Denmark, na nayaleta kwa sababu mtu alisema ukumbini kwamba "kule wafugaji wote wanautumia kwa furaha". Mwaka 2025 sheria ya Denmark iliwataka wafugaji wa kawaida (wasio wa kilimo hai) wenye zaidi ya ng'ombe 50 wachague: waongeze mafuta katika chakula mwaka mzima au watumie Bovaer angalau siku 80. Msimu wa vuli ulipofika baadhi yao wakalalamika kwamba ng'ombe wanakataa chakula, maziwa yanashuka, wengine wanaharisha na kuanguka. Uchunguzi ukaanzishwa, na Norwe wakasitisha matumizi kwa muda. Sisemi unga ndio uliofanya hivyo; ng'ombe huugua kwa mambo mengi, na wako waliotumia bila kuona tatizo. Ninachokiona ni kwamba yule mfugaji wa Denmark alipoona ng'ombe wake analegea, alikuwa na simu ya daktari, vipimo vya maziwa ya kila siku kwenye kompyuta, chama cha kumsemea na waandishi wa habari mlangoni. Mimi nikiona ng'ombe wangu analegea nina bwana mifugo mmoja mwenye pikipiki moja kwa sabukaunti nzima, na mafuta namwekea mimi. New Zealand nao walitaka kuwatoza wafugaji kwa ajili ya gesi hizi. Wafugaji wakaingia barabarani na matrekta, na 2024 serikali ikaliondoa jambo hilo. Sisi matrekta ya kuandamana nayo hatuna.

Halafu kuna fedha hizi za hewa ukaa. Mradi ukiwepo, unga utakuwa wa bure, sina shaka. Tumeshaona miradi. Mashine ya kupoza maziwa tuliyoletewa zamani ilikuwa ya bure, mpaka siku ilipoharibika kifaa kimoja ambacho hakipatikani Kampala, na leo kuku wanatagia humo. Uingereza unga ule ulipojaribiwa, kampuni na maduka makubwa yalikuwa nyuma yake. Hapa, mradi ukifungwa, robo kijiko ya kesho yake inanunuliwa na nani? Mimi nauza maziwa kwa bei ambayo mvua zikinyesha inaporomoka hadi naona aibu kuitaja. Hata kama unga ungekuwa shilingi mia tano tu kwa ng'ombe kwa siku, kwa ng'ombe sita ni shilingi elfu tatu, kila siku ya Mungu, kwa kitu kisichoniongezea hata lita. Na mwenye kuuza cheti cha hewa ukaa huko ng'ambo atakuwa ameandika jina la ng'ombe wangu.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo, Mhariri. Kutoka Hoima hapo jirani linajengwa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 mpaka Tanga, na wenye hisa kubwa ni kampuni za ng'ambo. Sipingani nalo katika barua hii, vijana wetu wengine wamepata kazi humo. Lakini inachekesha kwamba mafuta yatasafiri bila kuulizwa kitu, na ng'ombe wa kaka yangu ndiye anayefungwa mdomo.

Turudi. Uganda ina ng'ombe zaidi ya milioni 14 kwa sensa ya mifugo ya 2021, na walio wengi ni wa kienyeji, wa kuchungwa, kama wale wa Kafu. Kama serikali na wafadhili wanataka kujaribu unga au mwani au kidonge, wajaribu. Tunayo taasisi yetu ya utafiti wa mifugo, kuna Makerere, na Nairobi si mbali. Wajaribu kwa Zebu na kwa Ankole, kwa majani ya mwezi wa pili, kwa ng'ombe mwenye kupe na minyoo, kisha watuonyeshe matokeo kwa lugha tunayoielewa. Mpaka sasa nimeonyeshwa namba za ng'ombe wa Ulaya na Marekani tu, na kwa namba hizo sitakubali mtu anitie saini.

Tumeambiwa shirika litarudi baada ya mavuno kuandikisha wafugaji. Nitakuwepo, nimeketi mbele. Nawaomba waje na bei ya unga huo kwa shilingi za Uganda kwa ng'ombe kwa siku, karatasi ya onyo kwa mchanganyaji iliyoandikwa kwa Kiswahili, na jina la mtu atakayelipa mradi ukishafungwa. Na kwa kuwa watakuja na gari kubwa, waje pia na magunia kadhaa ya hei. Februari ikifika nitajua pa kuyapeleka.

Wako,

Mama Zuhura
Mfugaji, Kigumba, Kiryandongo